Shajara ya mradi: Endesha Mwenyewe Mwanza, mnara wa saa mpaka Kageye na kurudi kwa Igoma

Agosti, mwanzoni

Naanza kuandika maendeleo ya huu mradi sehemu moja ili wote tuliomo tuwe tunasoma pamoja, maana kwenye simu mambo yanapotea, mtu anatuma picha ya kibao saa nne usiku kesho yake hakuna anayekumbuka kilikuwa kibao cha wapi. Mradi wenyewe ni njia ya kuendesha mwenyewe kuzunguka sehemu za historia za Mwanza. Unachukua gari yako, au ya kukodi, au hata bajaji kwa zile za mjini, unawasha simu, sauti inakwambia pita huku, kata kushoto, paki hapa, shuka, angalia hiki, alafu inakuhadithia. Kwa Kiswahili, bure, na ukishashusha mafaili huhitaji bando tena.

Wageni wengi wanaokuja huku wanalala usiku mmoja kisha wanaelekea Serengeti, sawa, ila mi nawawaza zaidi watu wa hapa hapa na ndugu zetu wanaokuja kwenye harusi au msiba wakabaki na siku mbili za ziada. Mashemeji wakitoka Dodoma wakiuliza wapi pa kwenda tunawapeleka ufukweni kula sato. Sato mtamu, sikatai. Lakini huu mji una mambo, na mambo yenyewe yako barabarani kabisa, unayapita ukiwa kwenye daladala la Igoma umeshikilia bomba.

Masharti ya mradi tumekubaliana mawili tu. Kwanza kila kituo kiwe na kitu kinachoonekana kwa macho, kama hakipo hatuweki hata kama hadithi yake ni tamu namna gani. Pili, hadithi ianze na wenyeji waliokuwepo, mgeni aingie baadae kama alivyoingia kweli. Hilo la pili ndo roho ya mradi kwangu na sitalilegeza.

Timu: binamu anaendesha (IST yake, imetulia), mi na daftari, na dada yetu mmoja mwalimu wa shule ya msingi ndo sauti. Ana sauti ya kusoma gazeti la redioni zamani, ile ambayo mtu anaacha kuosha vyombo asikilize.

Agosti, katikati: barabara tatu

Leo tumeshughulika na ramani tu. Mwanza mjini ukitoka una barabara kubwa tatu, basi, kwasababu milima ya mawe imeubana mji na ziwa limeziba upande uliobaki. Makongoro inakupeleka Kirumba, Pasiansi, Airport. Nyerere inakupeleka Mabatini, Nyakato, Buzuruga, Igoma, Kisesa na mbele kabisa Musoma. Kenyatta inakupeleka Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, kisha Usagara ambako unachagua Shinyanga au Sengerema. Haya mawe ni granaiti ya zaidi ya miaka bilioni mbili, mvua na jua vimeyapasua na kuyaacha yamekaa moja juu ya lingine, na barabara zimepita pale yaliporuhusu.

Wazo la kwanza lilikuwa kufanya kila barabara na safari yake, uende urudi. Binamu akasema hakuna mtu anapenda kurudi njia ile ile kwenye foleni ya Mabatini saa kumi na moja jioni, na hapo amesema kweli. Tukaangalia tukaona kumbe kuna mzunguko wa asili: unatoka mjini kwa Makongoro, unapita Airport, unashika barabara ya Igombe na Kayenze, unatokea Nyanguge kwenye lami ya Musoma, unarudi mjini kwa Kisesa na Igoma. Hauoni sehemu mara mbili. Ziwa liko kushoto kwako nusu ya kwanza yote.

Kwaiyo mradi una vipande vitatu: Mjini (gari au bajaji, asubuhi moja), Mzunguko mkubwa (siku nzima), na Kusini mpaka darajani Kigongo (nusu siku).

Agosti, mwishoni: mnara wa saa na Isamilo

Hapa tumekaa sana na ndo panapostahili kukaa.

Mnara wa saa uko kwenye kipilefti katikati ya mji, na una kibao kinachosema kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo maili moja kutoka hapo, Speke aliliona ziwa ambalo baadae alithibitisha ndo chanzo cha Nile. Kukisoma inabidi usimame karibu, na ukiwa ndani ya gari haiwezekani, unazunguka tu huku wa nyuma anakupigia honi. Tumeamua gari ipakiwe kwanza kwenye mtaa wa pembeni alafu watu wavuke kwa mguu, na sauti inasema hivo kabla hujafika, mapema kabisa, ili dereva asianze kutafuta parking akiwa tayari ndani ya kipilefti.

Sasa hadithi. Tumeandika na kufuta mpaka imekaa hivi: tunaanza na mtemi Mahaya aliyekuwa anatawala hapa Mwanza wakati huo. Watu wake wanavua, wanalima, wanajua ziwa lao wanaliita Nyanza. Yupo pia Mwarabu mmoja mfanyabiashara, Mansur bin Salim, kahamia hapa na mtemi kampokea. Ndani ya picha hiyo ndo anaingia msafara mdogo kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, uliotoka huko Julai 1858. Mzungu ni mmoja tu, John Hanning Speke, maana mwenzake Richard Burton kabaki Tabora. Na pembeni yake yuko Sidi Mubarak Bombay.

Bombay ndo mtu ninayetaka kila mtoto wa Mwanza amjue. Alikuwa Myao, akakamatwa mdogo, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake akarudi pwani. Speke hakijui Kiswahili, wao wawili wanaelewana kwa Kihindi, kwaiyo neno lolote Speke alilolijua kuhusu hili ziwa kutoka kwa Mahaya na watu wake lilipita kwanza mdomoni kwa Bombay. Baadae huyu huyu alirudi tena na Speke kwenye safari ya 1860 mpaka 1863, akawa na Stanley 1871 kumtafuta Livingstone, akavuka bara zima na Cameron. Chama cha kifalme cha jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha na pensheni. Kwenye kibao cha mnara jina lake halipo. Kwenye sauti yetu anatajwa kabla ya Speke.

Dada alirekodi kipande hiki usiku chumbani, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Alipofika sehemu ya Bombay kuuzwa alisimama akaomba maji, kisha akasoma tena yote tangu mwanzo, na hiyo ya pili ndo tumeitunza.

Speke alikaa siku chache tu, hakulizunguka ziwa wala kuona mto unatokea wapi, ila akaondoka na uhakika kwamba ndo chanzo cha Nile, na yeye na Burton wakagombana kwa hilo mpaka mwisho. Mto wenyewe aliuona unatoka ziwani kule Jinja mwaka 1862. Hii tumeiweka kwenye kipande cha njiani wakati unapanda Isamilo, kwasababu mlima una kona na dereva anaenda taratibu, sauti inatosha kabisa kufika juu. Ukifika juu unazima injini, unashuka, na sauti inanyamaza makusudi. Mji wote uko chini, mabati, minazi kidogo, mawe, alafu maji mpaka macho yanachoka. Nenda asubuhi. Jioni jua linakupiga usoni.

Septemba, mwanzoni: Makoroboi

Kituo hiki kilikuwa hakipo kwenye orodha, binamu ndo alikisukuma. Nashukuru.

Makoroboi pale kuna soko, kuna hekalu la Wahindu, na kuna mafundi wa bati ambao eneo limechukua jina kutokana na kazi yao, zile taa za koroboi za mafuta ya taa. Tulikaa na fundi mmoja mzee karibu nusu ya asubuhi. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "wangaluka baba", akaitikia akanisogezea kigoda bila kuacha kazi. Anachukua kopo, anakata mfuniko, anafungua pembeni kwa mkasi wa bati, analilaza kwenye kipande cha reli ya zamani anagonga mpaka linakuwa sawa kama karatasi, kisha ukingo anaupinda kidogo kidogo kwa nyundo, gonga geuza gonga geuza, mpaka pande mbili zinaumana zenyewe. Bomba la utambi anasokota kwenye msumari. Nikamuuliza bado watu wananunua koroboi na umeme huu? Akasema, "Mwanangu, visiwani wananunua, na umeme ukikatika hata wewe utanunua." Siku hizi anatengeneza zaidi majiko ya mkaa na mikebe ya kupimia nafaka.

Tumerekodi sauti ya nyundo zao, zile nyingi kwa pamoja, na kipande cha Makoroboi kinaanza na hizo nyundo kabla dada hajasema kitu. Tuliomba ruhusa, wakakubali, mzee akasema tusimuweke jina, na hatukuliweka.

Sauti pia inasimulia pamba hapo hapo, maana huwezi kuelewa huu mji bila pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Miaka ya 50 wakulima wakachoka kuibiwa kwenye mizani, Paul Bomani akiwa kijana akawaunganisha kwenye ushirika, ikazaliwa Victoria Federation mwaka 1955, moja ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima wakati ule. Huyo Bomani ndo baadae akawa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Baba yangu mkubwa alikuwa analima pamba na akiongelea mizani mpaka leo anashika kiuno.

Septemba: stesheni, Kamanga, Jiwe la Bismarck, Capri Point

Hivi vinne viko karibu karibu, vinaenda haraka. Stesheni ya reli unaiona ukipita, hatushuki, sauti ya njiani tu. Kamanga unashuka kwasababu pale kuna vitu viwili: feri za kwenda upande wa pili, na Jiwe la Bismarck limesimama majini na vipande vyake vimebebana. Hilo jina ni la wakati wa Wajerumani, la Otto von Bismarck, kansela wao aliyeondoka madarakani 1890. Wao walikaa hapa mpaka Julai 1916 Waingereza walipouchukua mji kwa kuja na meli kupitia ziwani. Picha zote unazoziona za Mwanza kwenye kalenda ni za jiwe hili, kwaiyo tumeweka muda mrefu wa kupiga picha, na tumeandika saa nzuri ni jioni, jua likizama nyuma yake.

Capri Point unapaki, unaangalia Saanane. Kisiwa kimebeba jina la mzee Saanane aliyekuwa anaishi na kufanya shughuli zake pale, baadae 1964 kikawa bustani ya wanyama, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Kwenda kisiwani ni boti, haiko kwenye safari yetu, tunamwambia mtu aipange siku nyingine.

Septemba, mwishoni: Kageye

Barabara ya Igombe mpaka Kayenze ina sehemu za vumbi na IST ilifika, taratibu. Wakati wa mvua sitamshauri mtu aende na gari ya chini, tumeandika hivo kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Ukifika unaacha barabara na kukata kuelekea ziwani, unauliza, watu wanakuelekeza vizuri.

Kinachoonekana Kageye ni ufuko wenyewe, na Ukerewe ng'ambo ya maji. Nilikuwa na wasiwasi kama kinatimiza sharti la kwanza, mpaka tuliposhuka garini. Mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zinakauka, dagaa wameanikwa, na ghuba imefunguka mbele yako hivi. Unaelewa kwa macho kwanini kila aliyetaka kuvuka kwenda Buganda alianzia hapa.

Hadithi tumeianza na Kaduma, mkuu wa hapa, na Sungoro, mfanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu aliyekuwa na jahazi na aliyeuza watu. Hilo la kuuza watu tumelisema wazi wazi bila kulipaka rangi. Tarehe 27 Februari 1875 Stanley anafika na msafara kutoka Bagamoyo, wapagazi wamebeba mashua nzima vipande vipande, Lady Alice, kwa miezi zaidi ya mitatu. Hebu fikiria ubao wa mashua begani kutoka Bagamoyo mpaka hapa. Wakaiunga ufukweni, na tarehe 8 Machi akaondoka kulizunguka ziwa, akamchukua mtu wa hapa aitwaye Saramba awe kiongozi wa njia, na Saramba hakutaka kwenda. Wakarudi mwanzoni mwa Mei. Kijana wa Kiingereza aliyeachwa kambini, Frederick Barker, alikuwa ameshafariki Aprili.

Baada ya hapo wakaja wamisionari wa Kianglikana, 1877, daktari wao John Smith akafia huku mwaka huo huo, na wenzake wawili wakauawa Ukerewe Desemba kwenye ugomvi wa mtemi Lukonge na Sungoro. Kisha Januari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans, wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers, wakatoka hapa hapa na mtumbwi, Februari wakashuka Entebbe, na Wakatoliki wa Uganda mpaka leo wanaikumbuka siku ile. Nilipomwambia mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu, akasema, "Kwaiyo Waganda wanadaiwa nauli na sisi." Alikuwa anacheka lakini aliomba nimuhadithie tena yote, na vijana wawili wakasogea kusikiliza, nikajikuta nahadithia mpaka jua likawa kali.

Hiyo ndo asubuhi niliyoona mradi unafaa.

Wanakijiji wameomba tuweke kwenye sauti kwamba mgeni akifika apite kwanza ofisi ya kijiji asalimie. Tumeweka. Ni haki yao.

Oktoba: Bujora

Unatokea Nyanguge, lami, unarudi kama unaenda mjini, ukifika Kisesa unakata kwenda Bujora. Hii unalipa kiingilio na kuna watu wa kukuzungusha, kwaiyo sauti yetu hapa ni fupi, tunamuachia mwenyeji wa makumbusho, anajua kuliko sisi.

Makumbusho haya ya Wasukuma yalianzishwa miaka ya 50 na Padre David Clement, Mkanada wa White Fathers ambaye watu walimpa jina la Fumbuka. Jengo la ngoma za watemi lina umbo la kiti cha kitemi. Ndani kuna ngoma za tawala mbalimbali, na ukisogea karibu na moja unaona jinsi ngozi ilivyofungwa kwa vipande vya ngozi vilivyosukwa, na sehemu ya katikati imelainika kwa kupigwa, rangi imekuwa nyeusi inang'aa. Usiguse. Kanisa lao nalo ni la duara kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma.

Kuna banda la vikundi vya ngoma, Bagika na Bagalu, wale wapinzani wa jadi. Walianza na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa wanashindana nani ana dawa kali, na mashindano yao yakabaki kwenye ngoma. Ukija Juni kwenye Bulabo, ile sherehe ya ngoma ya Wasukuma, utaona wanavyoshindana, wenye majembe Bagobogobo, wenye nyoka Bayeye, na upande unaovuta watu wengi ndo umeshinda. Mama yangu ni Mgalu na hapo sina cha kuongeza, na dada naye kwao ni Bagika, kwaiyo kipande hiki amekisoma kwa haki kabisa ila alipomaliza akanitazama.

Oktoba: Igoma

Kituo cha mwisho cha mzunguko, na ndo tulichobishana zaidi.

MV Bukoba ilizama asubuhi ya 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo, imebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Walikufa zaidi ya watu 800. Wengi wamezikwa Igoma, baadhi bila kutambuliwa. Kila familia ya huku kanda ya ziwa ina jina. Sisi pia tunalo.

Binamu alitaka tusiliweke, alisema huwezi kumtoa mtu kwenye ngoma za Bujora umpeleke makaburini na gari imejaa watoto na soda. Mi nilisema huwezi kuandika historia ya mji wa ziwani ukaacha siku ambayo ziwa liliuvunja mji moyo, na barabara yenyewe inapita hapo, tungekuwa tunamwambia mtu aangalie upande mwingine. Tulienda kumuuliza mama mmoja wa karibu na nyumbani aliyempoteza mume. Alisikiliza, akauliza, "Mtapiga muziki?" Tukasema hapana. Akasema, "Basi wapelekeni. Muwaambie wavue kofia."

Kwaiyo imekaa hivi: sauti inaanza ukiwa Kisesa bado, inaeleza safari ile, idadi ya watu, kilichotokea, na inasema pia kuhusu MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kwasababu ni maumivu ya aina moja na sababu zinafanana. Inamaliza kabla hujafika getini. Pale ndani hakuna sauti yetu kabisa. Mwenye watoto wadogo sauti inampa nafasi ya kuchagua, apite moja kwa moja mpaka Buzuruga, na hakuna lawama. Na tumebadilisha mpangilio kati ya Bujora na Igoma, tumeweka mapumziko ya chakula Kisesa ili watu wapumue katikati.

Novemba: kusini mpaka darajani

Hii ni nyepesi kuliko zote na watu wataipenda. Kenyatta mpaka bandari ya kusini, pale unaambiwa habari za MV Victoria, iliyojengwa Scotland, ikaanza kazi ziwani 1961 na mpaka leo ipo baada ya kukarabatiwa 2020, na ile meli mpya ya MV Mwanza iliyoshushwa majini Februari 2023. Kisha Nyegezi, Usagara, unakata Bukumbi ambako White Fathers walianzisha misheni 1883, kisha Kigongo.

Darajani hatuhitaji maneno mengi. Kilomita tatu juu ya maji, limefunguliwa 19 Juni 2025. Sauti inamuhadithia mtu foleni ya feri ilivyokuwa, malori usiku kucha, wagonjwa wanasubiri feri, mama anajifungulia kwenye foleni. Binamu aliyewahi kulala pale Kigongo na mzigo wa nyanya ndo ameisoma hii mwenyewe, dada kamuachia maiki. Imetoka vizuri sana, ana hasira ya kweli kwenye zile nyanya. Usisimame juu ya daraja kupiga picha, paki upande wa Busisi.

Novemba: majaribio

Tumewapa watu safari bila sisi kuwemo. Mashemeji, jirani mwenye Noah, dereva bajaji mmoja wa Kirumba kwa kipande cha mjini. Yaliyotokea:

Dereva hawezi kugusa simu. Hilo tulilijua, ila hatukujua litakuwa kubwa kiasi hiki. Sasa mafaili yana namba na mtu wa pembeni ndo anabonyeza, tunamuita konda, na sauti inamuita hivo hivo: "Konda, ukiona daraja la waenda kwa miguu la Furahisha bonyeza namba nne." Watoto wanagombania ukonda, na mwenye Noah alisema ndo mara ya kwanza wanawe hawakuomba simu ya kuchezea gemu.

Sauti za njiani zimefupishwa zote, hakuna inayozidi dakika tatu, na hazina maelekezo ya kona katikati ya hadithi. Kona zinakuja zenyewe na kengele ndogo mbele. Za kituo zinaweza kufika dakika nane maana umezima gari.

Dereva bajaji alituambia kitu kizuri: kwenye Isamilo abiria wawili wazito bajaji inapanda kwa shida, kwaiyo tumeandika njia ya upande wenye mteremko mdogo. Na ameomba mafaili yote, anasema abiria wake wa stendi wanamuuliza habari za mnara kila siku na sasa anawapigia kipande cha Bombay wakiwa kwenye foleni.

Kuna ofisi moja imetuambia tulipie kibali ili kusimulia. Tumeenda na barua, tumeeleza hatuuzi kitu na hatumuongozi mtu, anajiendesha mwenyewe, bado tunasubiri majibu. Wakati huo tunaendelea.

Desemba: ilipofikia

Mjini imekamilika, mafaili yako tayari kwenye simu na kwenye flashi kwa wenye redio za zamani garini. Mzunguko mkubwa umebaki kurekodi upya kipande cha Kayenze kwasababu upepo wa ziwa umeingia kwenye maiki. Kusini imebaki Bukumbi, tunangoja mzee mmoja wa parokia atukaribishe. Karatasi ya ramani iko steshenari, ya rangi upande mmoja, nyeusi na nyeupe upande wa pili ili mwenye fotokopi aweze kuigawa. Wakati wa sikukuu mji utajaa watu wa kutoka Dar, kwaiyo kabla ya Krismasi nataka Mjini na Kusini ziwe zimetoka, Kageye itasubiri mvua ipungue na barabara ikauke. Mwenye nafasi ya chumba kisicho na kelele Nyakato au Buzuruga, dada anahitaji jioni moja.